Siku Tatu za Toribio

Mwaka ule Don Eulalio Murcia alianza kufyeka mapema, na alijua wazi kwamba anakosea.

Ilikuwa wiki ya pili ya Novemba. Mvua ilikuwa bado inanyesha karibu kila alasiri, na maharage ya mbolea yalikuwa yamefunika mteremko wake wote, kutoka ukingo wa kijito mpaka juu kabisa, kijani kitupu kinachomfika mtu kiunoni. Maua yake ya zambarau yalikuwa yameanguka juzijuzi tu. Maganda yalining'inia vishada vishada, mabichi, ukiyaminya yanatoa maji. Kila mtu wa kijiji cha Las Guamas, hata mtoto ambaye bado anachezea tope, anajua kwamba huo si wakati wa panga. Unasubiri Desemba, maganda yakauke yawe meusi, yapasuke yenyewe na kumwaga mbegu. Hapo ndipo unafyeka. Majani na mitambaa inalala chini kama blanketi, unapanda mahindi katikati yake, na mbegu zilizomwagika zinaota zenyewe mwaka unaofuata. Ukikata kabla, mwaka ujao hapaoti kitu ila magugu, na mvua ikija inaukuta udongo uko uchi.

"Mbegu zitajijua," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Akashika panga kwa mkono wa kulia na ngoe kwa mkono wa kushoto, ile fimbo yenye kipembe cha kuvutia mitambaa na kumwondoa nyoka, akaanzia juu kabisa, karibu na mpaka.

Maharage hayo si ya kula. Ni ndugu wa upupu, ila ni ndugu mpole, maganda yake hayawashi. Marehemu mkewe, Erlinda, ndiye aliyeyaleta mlimani. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, ameolewa mwaka huohuo, akarudi kutoka kumsalimia shangazi yake huko chini kwenye mashamba ya ndizi akiwa na kiganja kimoja cha mbegu kwenye leso. Eulalio alimcheka. Alimuuliza kama huko kwao watu wamekosa vitu vya kubeba. Wakati ule mteremko ulikuwa unatoa maji mekundu kila mvua inaponyesha, mahindi yana mabua membamba kama vidole, na kijana Eulalio alikuwa anafikiria kuhama. Erlinda alipanda kiganja chake kwenye kona moja. Mwaka wa pili kona ile ilikuwa nyeusi. Mwaka wa nne mume alikuwa anawagawia majirani mbegu na kuwaeleza habari hizo kana kwamba aliziota yeye, na mke alikuwa anamwangalia tu, anacheka kwa macho.

Na kilipokuja kile kimbunga kikubwa cha mwaka wa tisini na nane, milima mingi ilimwagika mtoni pamoja na nyumba zake. Mteremko wa Eulalio ulilegea mahali pamoja tu, pa upana wa kitanda. Erlinda alikwenda kusimama pale, akapanda tena.

Sasa Erlinda ana miaka sita kaburini. Vijana wao wawili walikwenda kaskazini, ng'ambo ya mipaka mitatu, na wanapiga simu siku za kuzaliwa. Binti, Marleny, ni muuguzi huko mjini San Pedro Sula, na ndiye aliyebaki na kazi ya kumwogopea baba. Hana kosa. Februari iliyopita mzee aliteleza mlimani, akavunjika mfupa wa bega, akalala pale pale tangu kahawa ya asubuhi mpaka alasiri, akiangalia wadudu wakipita, hadi mbeba maziwa alipopita na nyumbu wake akasikia mtu anatukana. Zamani mtu akianguka mlimani hapo, watu saba wangemsikia. Lakini familia moja baada ya nyingine ilikuwa imemwuzia mashamba Don Arnulfo, mwenye ng'ombe, na ng'ombe hawamwinui mtu.

Basi Marleny alikuja, akamfunga bega, akampikia, akaosha kila kitu kilichokuwa ndani ya nyumba, na siku ya kuondoka akasema neno lake.

"Baba, tukubaliane. Mwaka huu ukiweza kufyeka na kupanda mwenyewe, mpaka kufikia Sikukuu ya Mamajusi, Januari sita, nitanyamaza. Usipoweza, unashuka unakuja kukaa kwangu, na shamba tunampa Don Arnulfo apande nyasi zake."

"Na nikae kwako nifanye nini? Nihesabu magari?"

"Ukae uwe hai."

Mzee aliona macho ya binti yake yana maji, akakubali. Ukimpa Don Eulalio muda wa kujibu, atakujibu kwa jeuri. Ukimtolea machozi, anakubali lolote.

Ndiyo maana akaanza Novemba. Ekari mbili na nusu, bega lisiloruhusu mkono kupanda juu ya sikio, na mtu mmoja. Alipiga mahesabu akiuangalia mteremko, akaona kwamba akisubiri maganda yakauke, Mamajusi itamkuta katikati. Afadhali apoteze mbegu za huko juu kuliko kupoteza shamba zima. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini kila panga liliposhuka na maganda mabichi yakaanguka yakiwa mazima, alihisi aibu, maana alikuwa anamkata Erlinda.

Zamani hapakuwa na mtu aliyefyeka peke yake Las Guamas. Kulikuwa na kurudishiana mkono: wewe unanipa siku, mimi nakupa siku. Pesa haiingii. Leo wanaume saba kwa Eulalio, keshokutwa saba haohao kwa Toribio, halafu kwa wale ndugu wa kijitoni, wanashuka mlima kwa mstari mmoja, mapanga yanakwenda pamoja, mmoja anasimulia uongo na sita wanamkatalia. Wanawake wanaleta tortila, zile chapati za mahindi, na maharage mekundu na jibini. Mtu aliyekuwa hana siku ya mwenzake alikuwa kama hayupo. Kuwa na siku ya mtu, au mtu kuwa na siku yako, ndiko kulikokuwa kuishi mlimani.

Na Don Eulalio alikuwa bado na siku zake tatu kwa mtu mmoja. Hizo hakutaka kuzikumbuka.

Zilikuwa kwa Toribio Nolasco, kompadre wake, aliyemsimamia Marleny ubatizo. Miaka mitatu nyuma Eulalio alimfyekea siku tatu, na kabla Toribio hajazirudisha, akauza. Mkewe Sabina alikuwa amepata ugonjwa wa figo na vijana wao wameondoka. Aliuza mteremko wa ng'ambo ya kijito, wenye miaka thelathini ya majani yaliyooza, kisha akaajiriwa na Don Arnulfo kuchunga ng'ombe juu ya ardhi ileile iliyokuwa yake. Siku ya pili baada ya kuuza Toribio alikuwa anakuja na panga lake mkononi, tayari kurudisha, na Eulalio akamkuta njiani, mlangoni mwa kanisa dogo, mbele ya watu.

"Udongo ule tumeulisha wewe na mimi kwa miaka thelathini, na umewapa ng'ombe waukanyage. Siku zangu kaa nazo. Sitaki mkono wa mchunga ng'ombe shambani kwangu."

Toribio alivaa kofia yake, akaondoka. Tangu siku hiyo wanaume wawili waliokuwa wakiazimana hata nyembe walikuwa wanaonana kila siku kutoka mlima hadi mlima, kofia kwa kofia, bila salamu.

Mpaka mwisho wa Novemba Don Eulalio alikuwa amefyeka kipande kama robo ya shamba. Bega lilimwuma hata akilala. Kule alikokata kwanza, majani yalikuwa yameshageuka manjano, doa kubwa katikati ya kijani, linaonekana toka mbali. Jioni alikuwa anakula tortila za jana na chumvi, anaongea na redio. Redio ilikuwa inajibu vitu vingine.

Jumapili ya kwanza ya Desemba alikuwa amekaa kwenye kisiki ananoa panga, akasikia mtu anapanda. Mtu huyo alikuwa anapumua kwa shida na hakujificha. Alikuwa Toribio, na panga, na ngoe, na gunia dogo begani. Alisimama hatua kumi chini yake, akaangalia lile doa la manjano kwa muda mrefu.

"Kompadre," akasema.

"Kompadre."

"Huko juu kumeingia ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe aliyeingia."

"Nilidhani ng'ombe. Ng'ombe ndiye asiyejua kusubiri ganda likauke." Akatema mate pembeni. "Wiki tatu naliangalia doa hilo. Nikasema, huyu mzee amepata wazimu au anataka kufa. Mtu aliyetufundisha sisi sote lini kukata! Ni lipi kati ya hayo mawili?"

"Ni bega."

"Bega halina akili, lakini wewe unayo."

Don Eulalio alitaka kujibu kwa ukali, na maneno yalikuwepo, mazuri tu, lakini alijikuta anaeleza. Alieleza habari za Februari, za Marleny, za Mamajusi. Hakuwa amemweleza mtu yeyote. Alipomaliza, alikuwa ameshika lile panga kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kofia kanisani.

Toribio akaweka gunia chini. "Hii ni mbegu. Ya kule ulikoharibu. Utapachika pamoja na mahindi."

"Umeitoa wapi? Kwako ni nyasi tupu."

"Ukuta wa choo. Haragwe liliota lenyewe mwaka ule wa kwanza, likapanda mpaka paani. Don Arnulfo, patroni wangu, akaniambia nilipige dawa. Nikamwambia ndiyo, patroni."

"Halafu?"

"Halafu sikulipiga. Sabina anasema ndicho choo pekee chenye maua katika wilaya nzima." Akavua shati la juu, akalitundika kwenye tawi. "Tunaanzia wapi?"

"Nilikuambia usirudi na mkono wako."

"Uliniambia mengi. Mengine nimesahau, mengine nayaweka. Lakini siku tatu ni siku tatu, na mimi sitaki kuzikwa nikiwa nazo. Sogea."

Walianza upande wa chini, ambako maganda yalikuwa yamekauka kweli, meusi, yanapasuka kwa sauti ndogo jua linapoyapiga. Toribio alikuwa na miaka sitini na nane na goti bovu, Eulalio sabini na mmoja na bega, kwa hiyo walimpata mtu mzima mmoja kati yao. Lakini mapanga yalipokutana kwenye mwendo, moja likishuka na jingine likipanda, Don Eulalio alijua kwamba hakuwa amesikia sauti hiyo kwa miaka mitatu. Chini ya majani udongo ulikuwa mweusi, baridi, unanuka kama mkate. Mahali fulani Toribio aliinama, akachota kidogo, akausugua kati ya vidole, akaurudisha chini taratibu. Hakusema neno kuhusu ng'ambo ya kijito, ambako mvua zilikuwa zimeshachimba mifereji miwili myekundu kwenye njia za ng'ombe. Eulalio naye aliiona mifereji ile, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaacha jambo lipite bila kulisemea.

Toribio alikuja Jumapili ya pili pia, wakakatizwa na mvua mchana, wakala chini ya turubai na kucheka habari za mtu aliyekufa zamani. Katikati ya juma Eulalio alikuwa anafyeka peke yake, polepole, lakini sasa alikuwa anafyeka kuelekea Jumapili.

Jumapili ya tatu walimaliza. Ilikuwa bado mapema, jua limeinama kidogo tu. Kipande cha mwisho kilikuwa pale pa upana wa kitanda, Erlinda alipopanda tena baada ya kimbunga, na Toribio akarudi nyuma makusudi akamwachia mwenye mke. Kisha wakashuka kijitoni kunawa. Toribio aliosha panga lake, akalifuta kwa majani, akalichomeka kwenye ala.

"Basi, kompadre. Moja, mbili, tatu. Tumemalizana."

"Tumemalizana."

"Hakuna mtu mwenye kitu cha mwenzake."

"Hakuna."

Walipeana mikono. Toribio akavuka mawe, akapanda upande wake huku akivuta goti, na hakugeuka nyuma, kwa sababu mtu aliyemaliza jambo hana haja ya kugeuka.

Krismasi Don Eulalio alikula tamale mbili, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, alizoletewa na mbeba maziwa. Siku zilizofuata alipanda. Alipenya matandazo kwa muo wake mrefu wenye ncha, tundu, punje nne, hatua moja, tundu, na kule juu kwenye doa akapachika mbegu za choo cha Sabina kati ya mahindi. Siku mbili kabla ya Mamajusi alimaliza mstari wa mwisho. Akapanda mpaka kwenye jiwe ambapo simu inashika, akampigia binti yake.

"Nimepanda."

"Lote?"

"Lote."

Nyuma ya Marleny magari yalikuwa yanapita. "Haya, Baba. Nilisema nitanyamaza, nanyamaza." Kisha hakuweza. "Lakini ukianguka tena, ni nani atakayesikia?"

Don Eulalio alisema kwamba betri inaisha.

Alikuwa ameshinda. Alirudi nyumbani na ushindi wake, akauweka juu ya meza, wakaangaliana. Mahindi yataota, maharage yataota chini yake, ardhi haitatembea, na hakuna mtu aliyekuwa na sababu yoyote ya kupanda mlima huo hadi kwake. Ajabu ni kwamba ile miaka mitatu ya hasira haikuwa imemwuma hivyo. Alipokuwa anamchukia Toribio, kulikuwa na siku zake tatu huko ng'ambo, zimekaa kwenye nyumba ya mtu. Sasa hazipo. Jumapili hiyo alinoa panga ambalo halikuwa na kazi, akasikiliza njia kuanzia asubuhi hadi mchana, na hakuja mtu. Alijisikia mpweke kuliko siku alipomzika mkewe, maana siku ile alikuwa na kazi ya kulia.

Jumapili iliyofuata alivuka kijito.

Sabina alikuwa amekaa mlangoni na shali mabegani. Alimwona anaingia uani na panga mkononi. "Toribio!" akaita ndani. "Toka nje, kompadre wako amekuja kukuua. Nilikuambia yule ana kinyongo."

Toribio akatoka na kikombe cha kahawa. "Kuna nini? Ng'ombe wamevuka?"

"Nimekuja kufanya kazi," alisema Don Eulalio.

"Kazi ipi? Mimi sina shamba."

Don Eulalio alizunguka nyuma ya nyumba, mpaka kwenye kile kipande kati ya choo na uzio, hatua kumi na mbili kwa nane, ambako maharage yalikuwa yameshuka ukutani na kutambaa yanavyotaka, maganda yamekauka, mbegu zimeshamwagika. Akavua shati la juu. Akaanza kufyeka, kidogo kidogo, kwa uangalifu mkubwa, akilaza kila mtambaa mahali pake. Kisha akachonga kijiti, akatoa mfukoni punje za mahindi alizokuja nazo, akapanda mistari sita mifupi. Toribio alimletea maji. Sabina alimletea tortila na mayai. Mara mbili Toribio alichukua panga lake amsaidie, na mara mbili akafukuzwa.

"Hii ni kazi ya saa moja," alisema Toribio mwishowe. "Umeifanya tangu asubuhi."

"Mimi mzee. Kwangu hii ni siku nzima."

Toribio akaangalia mistari sita ya mahindi nyuma ya choo chake, akamwangalia kompadre wake aliyesimama na jasho kidevuni, na taratibu akaelewa alichofanyiwa.

"Kwa hiyo nina siku yako moja," akasema.

"Unayo."

"Wiki ijayo nitakuja nikurudishie."

Don Eulalio alivaa shati lake, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. "Njoo unywe kahawa ukitaka," akasema. "Lakini siku yangu usiirudishe haraka, kompadre. Nataka nikilala kule juu nijue kuna mtu anayo."